Bibi mwenye nyumba kabandika karatasi mlangoni sababu ya dagaa wangu

Shikamoo Shangazi, naomba usitaje jina langu tafadhali.

Mi ni mtoto wa Igoma hapo Mwanza, mama yangu anauza dagaa Mwaloni Kirumba tangu sijazaliwa, kwa hiyo ukisikia mtu kasomeshwa na dagaa ndo mimi. Sa hivi niko Ujerumani, mji unaitwa Würzburg, nasomea uuguzi ule wa kusoma huku unafanya kazi, darasani kidogo wodini kwingi. Kazi naiweza, lugha inanisumbua ila inaenda, baridi nimeikubali kwa shingo upande. Kinachonishinda Shangazi ni kula.

Nimepanga chumba kwa bibi mmoja, yeye anakaa chini, mimi na mwanafunzi mmoja wa hukuhuku tunakaa juu na jiko letu liko juu pia. Bibi ni mtu mzuri sijui nikueleze vipi, nilivyofika bila koti la maana alinitolea la kwake la zamani, akanifundisha kutenganisha takataka (huku karatasi kivyake, plastiki kivyake, maganda kivyake, ukikosea jirani anakuja kukuonyesha), akapanda na mimi tramu siku ya kwanza nisipotee. Sasa mi nilikuja na dagaa wa mama, wale wadogo wa Ukerewe wakavu kabisa, na siku nilipowakaanga ndo nikajua nyumba hizi hazikujengwa kwa ajili yetu. Madirisha yote yamefungwa kwa baridi, harufu haina pa kutokea, ikashuka ngazi mpaka kwenye mapazia ya bibi. Afu kile kidude cha moshi kwenye dari la koridoni kikaanza kulia, kinapiga kelele hicho, yule mwanafunzi akatoka bafuni mbio na taulo na mapovu kichwani.

Hakuna aliyenigombeza na hilo ndo liliniumiza zaidi, bora wangenigombeza. Kesho yake nikakuta karatasi mlangoni kwangu, mwandiko mzuri, natafsiri kwa Kijerumani changu cha kuokoteza: "Mpendwa, samaki wako wana harufu kali mno, nguo zangu zote zimenuka. Nakuomba usiwakaange tena ndani ya nyumba. Jumapili mchana nina keki, karibu kahawa." Nikaona aibu Shangazi, Jumapili nikasingizia niko kazini. Tangu siku hiyo tukipishana kwenye ngazi mi nasalimia nikiwa nishafika juu.

Baada ya hapo nikawa nawapika usiku bibi akishalala, kidogo kidogo, dirisha wazi huku natetemeka, nimefunika na taulo mlangoni chini. Napika kama mwizi. Nikaona hapana, nikaacha. Sasa nakula mkate. Huku jioni watu hawapiki, mezani unakuta mkate, jibini, nyama baridi iliyokatwa nyembamba na matango ya siki, chakula cha moto wameshakula mchana. Mi nikila mkate usiku nalala na njaa, yani tumbo limejaa ila mwili unasema bado hujala. Na maduka huku saa 2 usiku yamefungwa, Jumapili ndo kabisa hakuna, nikiwa na shifti ya jioni natoka hata pa kununua nyanya hapapo.

Ugali nao umenigomea. Nilinunua unga wa mahindi dukani nikapata chengachenga za njano, nikasonga ukawa kama uji uliokata tamaa. Sufuria ya mama ya aluminiamu niliyobeba kwenye begi kwa mbwembwe zote, jiko la hapa halilitambui kabisa, unawasha linakuandikia alama tu, halipati moto. Kazini nako nilipasha wali na samaki kwenye maikrowevu ya wafanyakazi, dada mmoja akainuka akafungua dirisha, barafu nje, hakusema neno akarudi kukaa. Siku hizi nakulia kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Mama akipiga video koli swali la kwanza ni "umekula nini leo mwanangu", namwambia wali na samaki. Ananiangalia mashavu ananyamaza. Sasa kuna mtu anatoka Mwanza anakuja huku mwezi ujao, mama kashajaza kiroba cha dagaa, anataka aongeze samli na nyama ya kukausha, anasema mwanangu anakonda. Nashindwa kumwambia asilete, ni kama namwambia biashara yake inanuka.

Rafiki yangu wa Nyegezi ananiambia hama hapo huyo bibi ni mbaguzi. Kaka yangu anasema nimeenda Ulaya kula dagaa? Nile cha wenyewe niache usumbufu. Vyumba huku kupata ni shughuli Shangazi, na bibi nampenda kweli. Nifanyeje? Nihame, niache chakula cha kwetu, au kuna njia?

Binti wa Igoma, Würzburg

---

Marahaba mwanangu, na wabeja kwa kuandika. Jina lako lipo salama.

Nianze na karatasi. Mi nimeisoma mara mbili ulivyoitafsiri na sijaona mahali kaandika hama, sijaona mahali kaandika nyie watu, sijaona mahali kaandika usile samaki. Kaandika nguo zangu zimenuka, usikaange ndani, njoo unywe kahawa. Mtu wa kukubagua hakukatii keki. Wewe umesoma mistari miwili ya kwanza ukakimbilia ngazi, mstari wa tatu ndo wenye dawa yako. Huyo rafiki yako wa Nyegezi mwambie nimemsikia, ubaguzi upo na ukiuona utaujua, ila huu wa karatasi siuoni.

Na tuambizane ukweli mimi na wewe tuliokulia huku ziwani, dagaa ananuka. Sisi hatusikii kwa sababu jiko liko uani, upepo unapita, jirani naye anakaanga wa kwake. Mpeleke dagaa huyohuyo kwenye fleti ghorofa ya tatu pale mjini kati, funga madirisha, washa mafuta, uone kama mpangaji wa juu hatakugongea. Bibi wa watu kapata harufu ya Mwaloni nzima kwenye blauzi zake bila kuambiwa. Kwa hilo ana haki yake, ungekuwa wewe ungesema zaidi.

Sasa kuhusu huo mji wako. Mwanza na Würzburg ni miji rafiki tangu 1966, kwa hiyo hapa Mwanza hukosi mtu aliyewahi kupita huko, daktari, nesi, mtu wa kanisa, mi nimeuliza uliza kabla ya kukujibu. Na wote nilipowatajia habari ya dagaa walicheka wakasema hivi huyo binti hajapelekwa kula Meefischli? Wewe unaijua? Ni visamaki vya huo mto wenu wa Main, vidogo, wanavigaragaza kwenye unga wanavitumbukiza kwenye mafuta ya moto vizima vizima, kichwa kichwa, mkia mkia, na watu na heshima zao wanakaa wanakula kwa vidole na glasi ya mvinyo mweupe wa hapohapo. Wana usemi kwamba kisamaki hicho kisizidi urefu wa kidole kidogo cha sanamu ya Mtakatifu Kilian, ile iliyosimama kwenye daraja la zamani la mawe ambalo bila shaka umeshapiga nalo picha ukamtumia mama. Yani umekuja mji unaokula samaki wadogo na vichwa vyao afu unajificha na taulo chini ya mlango!

Kwa hiyo Jumapili hii, kama huna shifti ya kweli, shuka. Usiende mikono mitupu, ila usibebe dagaa siku hiyo, beba maua au matunda, wenyewe wanapenda maua. Usianze na kujieleza sana. Mwambie samahani kwa nguo, sikujua nyumba inabeba harufu hivyo, mama yangu anauza samaki hawa ziwani ndo maana. Mwonyeshe picha ya mama yupo sokoni na mafungu yake, wazee wanapenda kuona mtu anatoka wapi. Halafu muulize swali hili, nakuomba uliulize kabisa: mama yake yeye enzi zile alikuwa anakaanga wapi samaki? Kwa sababu nina uhakika hakukaangia kwenye mapazia. Nyumba nyingi za zamani huko zina chumba chini kabisa cha kufulia chenye dirisha lake, zina kibustani nyuma, wengine wana kibaraza. Akikutajia mahali, omba ruhusa ya kuweka jiko dogo la umeme la plate moja hapo, siku moja moja tu, mchana, si usiku. Usiku hapana, na Jumapili pia usikaange wala kutwanga karanga kwenye kinu, Jumapili ya kwao ni siku ya utulivu na jirani akisikia kinu atadhani unabomoa ukuta.

Neno langu ni siku moja moja, maana huhitaji kukaanga kila jioni. Harufu kali inatoka pale dagaa ambaye hajakaangwa, bado ana maji, anapokutana na mafuta ya moto, baada ya hapo imeisha kazi. Chambua dagaa wako, toa vichwa kama unaweza, osha na maji ya vuguvugu mpaka mchanga uishe, chuja, wapanguse wakauke KABISA, hapo watu wengi wanakosea wanakaanga dagaa wanaochuruzika, ndo yale mamoshi yaliyoamsha king'ora. Kaanga wote wa mwezi kwa mkupuo huko nje au huko chini, waache wapoe, watie kwenye chupa za vioo zenye mfuniko wa kukaza, friza. Jioni ukirudi unakaanga kitunguu na nyanya tu, kitu ambacho nyumba yoyote ya Ujerumani inanukia, unamwagia dagaa wako mwishoni, unafunika, dakika chache, umemaliza. Ukiweka na karanga za kusaga ndo usiseme. Hizo karanga zinapatikana za chupa ila soma kibandiko zisiwe na sukari.

Afu kuna njia rahisi kuliko zote ambayo nashangaa haijakujia. Mama akaange hukuhuku. Dagaa wa kukaangwa na chumvi na pilipili wanafungashwa sana Mwanza siku hizi, watu wanasafirisha, na mama yako ana jiko, ana upepo wa ziwa na ana mkono. Akaange, achuje mafuta vizuri, afunge kwenye mifuko mizito isiyopitisha hewa. Harufu yote inabaki Igoma. Wewe unapokea dagaa wa kula kavukavu hata ukiwa kwenye tramu, sijasema ule kwenye tramu.

Na hapo ndo nakuja kwa mama, maana hili la kumdanganya kila siku wali na samaki mi silipendi hata kidogo. Unaogopa kumwambia kwamba biashara yake inanuka? Mwanangu, yule mama kalala na hiyo harufu, kaamka nayo, kapanda nayo daladala watu wakisogea mbali naye, kakulipia ada nayo. Hakuna binadamu kwenye hii dunia utakayemweleza habari za harufu ya dagaa akashangaa chini yake. Anachokiona kwenye video ni mashavu yamekwisha na mtoto anasema nimeshiba, anaenda kulala akiwaza ugonjwa. Mwambie ukweli wote, mpaka taulo la mwanafunzi, atacheka mpaka simu imdondoke, afu ataanza kufikiria kama mfanyabiashara. Atakuchagulia wa kichanja badala ya wale walioanikwa mchangani, kwa sababu wa mchangani hata uoshe vipi unatafuna ufukwe. Atajua asinunue waliolowa mvua, hao ndo wananuka kupita kiasi. Hayo yote anayajua kuliko mimi ninayeandika, ila hawezi kukusaidia shida ambayo hujamwambia.

Sufuria na unga sasa. Jiko lako ni lile linalofanya kazi kwa sumaku, aluminiamu tupu halioni. Usihangaike, chukua kisumaku chochote cha kwenye mlango wa friji uende nacho dukani, sufuria ikishika sumaku kwa chini inafaa, isiposhika iache. Tafuta ya chuma, nzito, kitako kiwe bapa, hata ya mtumba kwenye masoko yao ya vitu vilivyotumika. Na usisonge ugali juu ya hicho kioo kwa nguvu zako za Kisukuma, utakichana na si chako. Ukishapika uji ukachemka, ishushe sufuria iweke mezani juu ya kitambaa kilicholowa maji isizunguke, songa hapo, rudisha kwenye moto iive, shusha tena. Ya sufuria ya mama, iweke chumbani uchanganyie kachumbari.

Unga, ulichonunua ni Maisgrieß, zile ni chenga. Kuna kingine kinaitwa Maisstärke, hicho ni wanga wa kugandisha mchuzi, usijaribu. Tafuta palipoandikwa Maismehl, ndo uliosagwa laini, ingawa mara nyingi ni wa njano. Sisi tuliokula unga wa yanga enzi za Mwalimu tunajua njano inashibisha vilevile, unanung'unika siku mbili tatu unazoea. Mweupe utaupata duka la Waafrika, na hapohapo waulizie unga wa muhogo, Wakongo wanaula kwa hiyo hauwezi kukosekana, changanya na wa mahindi upate ule ugali wetu wa kuvutika. Na kisamvu cha kugandishwa kipo kwa Wakongo hao hao, kimeshatwangwa kabisa. Mlenda nao, ingia duka la Waarabu ufungue friza uangalie pakiti imeandikwa Molokhia, ni majani yale yale ya mlenda, wao wanakula na kuku. Maziwa mgando ndo usiteseke kabisa, supamaketi yoyote ulizia Dickmilch, yamejaa na hayana gharama.

Sangara utakutana naye pia, usishtuke. Anauzwa minofu mitupu iliyogandishwa, kwenye pakiti wanamwandika Viktoriabarsch, huyo katoka kwetu kwenye viwanda vya hapa. Nyie mnapelekewa minofu sisi tunabaki na mapanki, yani vichwa na mifupa, na mi nasema wazi kwamba supu tumeibakiza huku. Minofu ile ni ya oveni, limao, kitunguu saumu, karatasi ya kuokea, harufu kidogo sana, hata bibi unaweza kumkaribisha. Ukitamani kichwa kwenye mchuzi mwulize muuza samaki, mara nyingi vichwa vya salmoni hawana kazi navyo. Na huko Franken ulipo wanafuga samaki wa bwawa wanaitwa Karpfen, wanawala miezi ya baridi, kuanzia Septemba mpaka Aprili hivi, anakaangwa nusu nzima na kichwa chake. Siku ukipata hela omba huyo.

Kaka yako namkubalia nusu. Cha wenyewe kula, hasa kile chakula cha moto cha mchana kazini, yale madonge ya viazi wanayaita Klöße na mchuzi wa nyama, kula ushibe, ukishafanya mchana kuwa ndo mlo mkubwa utaona mkate wa jioni haukuchukizi tena. Hiyo ni akili ya shifti tu, maana ukitoka saa 3 usiku maduka yamefungwa na kusonga ugali saa hizo ni kujitesa. Nusu nyingine simkubalii, yeye anakula sato wa mama kila Jumamosi afu anakwambia uache.

Kuhusu maikrowevu ya kazini, nasimama na yule dada wa dirisha. Samaki hapashwi kwenye jiko la ofisi, hata hapa Mwanza ukipasha watakusema ukitoka. Beba maharage, beba pilau, beba viazi na mchicha, afu toka humo kwenye chumba cha nguo ukae mezani na wenzio. Wakikuuliza hiki nini waonjeshe. Ukikaa huko peke yako na bakuli magotini watadhani hutaki watu, na Kijerumani chako hakitakua kwa kuongea na makabati.

Bibi akishakubali sehemu ya kukaangia, mzunguko wa kwanza wape sahani ndogo wote wawili, yeye na yule wa taulo. Hao dagaa wagaragaze kwenye unga kidogo kama hizo Meefischli zao, kaanga wakauke, pembeni limao. Asipopenda sio kesi, atakuwa kaonja, na huenda akakutolea yeye habari za samaki wa mtoni enzi akiwa msichana mpaka ukachelewa kulala.

Mwisho hilo begi la huyo msafiri, ni la haraka maana mwezi ujao sio mbali. Samaki mkavu au aliyekaangwa anaruhusiwa kuingia Umoja wa Ulaya mpaka kilo 20 kwa abiria, kwa kula mwenyewe sio kuuza, kwa hiyo kiroba cha mama kipite tu ila kipimwe, na huyo bwana aambiwe kabisa amebeba nini, asije kuulizwa akababaika. Nyama na vitu vya maziwa kutoka kwetu HAVIRUHUSIWI, hata ukisema zawadi ya mama, wanachukua wanatupa. Samli ni ya maziwa, nayo imo humo. Mboga na matunda mabichi karibu yote yanataka cheti cha afya ya mimea, asihangaike nayo. Akija kutuma kwa posta siku nyingine kama zawadi thamani isizidi yuro 45, ikizidi utalipishwa kodi, na sheria ya nyama na maziwa ni ileile. Mpigie mama leo kabla hajaanza kuyeyusha samli, hiyo nyama wadogo zako wataimaliza.

Shangazi